Kisanduku cha Bando kwenye TV ya Kichogo

Wanangu wa banda la Kihonda, siku mliponiaga nikistaafu mlinipa kanga, sufuria na keki tamu kupita kiasi, kisha wiki iliyofuata mkaanza kunipigia simu. Mama Prisca, TV inaunguruma. Mama Prisca, mteja kaleta boksi haliwaki. Neema ndiye aliyesema, "Tuandikie basi, tusome wenyewe, upumzike." Naandika kwa sababu hiyo, ingawa nawajua: mtasoma ukurasa mmoja, kisha mtanipigia kuuliza kilichoandikwa ukurasa wa pili.

Msitegemee habari za vyeo. Bandani hakuna cheo. Kuna anayeshika bisibisi na anayeshika tochi, na siku zote anayeshika tochi ndiye anayelaumiwa.

Kazi nilijifunzia kwa Mzee Salehe, mtu wa Pangani aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio na TV upande wa Msamvu, hapa Morogoro, mahali ambapo basi likipita unafuta meza, na ukimaliza kufuta linapita jingine. Nilikuwa nimeenda kupeleka redio ya mama yangu. Nikakaa kusubiri, nikamwuliza hiki ni nini na kile ni nini, mpaka akachoka akasema, "Binti, ama uondoke na maswali yako, ama uje kesho uanze kazi." Nilikwenda kesho yake kabla hajafungua.

TV za wakati ule zote zilikuwa kichogo, zile zenye mgongo mkubwa nyuma. Ninyi mliozaliwa na bapa mnazicheka, lakini kichogo kilikuwa chombo chenye adabu yake. Kilichukua nusu ya sebule, kilipambwa kwa kitambaa cha kufuma, na nyumba iliyokuwa nacho haikukosa wageni saa ya taarifa ya habari. Mzee Salehe alinionya kwamba kioo chake huweka umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na kwamba kabla ya kugusa chochote lazima umeme huo uushushe kwa bisibisi iliyofungwa waya. Nilimsikia. Nikaitikia vizuri kabisa. Kisha nikagusa. Nilijikuta nimekaa chini mlangoni, kiatu kimoja kikiwa juu ya meza. Mzee hakuinua hata kichwa. "Haya," akasema, "sasa mmesalimiana. Hamtasahauliana."

Wateja walinizoea polepole. Mtu anaingia na TV begani, ananitazama, anatazama nyuma yangu, anauliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nami namjibu, "Ndiye huyu." "Namaanisha yule mwenyewe." "Kaenda msikitini. Unataka fundi au unataka mwanamume?" Wengi walicheka wakaacha TV. Wachache waliondoka nayo, na siwezi kusema niliwakumbuka kwa uchungu, maana kichogo ni kizito na walikuja kwa miguu.

Kitu kimoja nilichokichota kwa Mzee Salehe nimekitumia mpaka siku ya mwisho: hakufungua TV kabla ya kuuliza habari za nyumba. TV imezima nani akiwa anaangalia? Jikoni kulikuwa kunapikwa nini? Mvua ilinyesha? Mimi nilidhani ni maneno ya uzee. Siku moja tukaitwa nyumba iliyo chini kabisa ya mlima, TV yao ilizima kila jioni, asubuhi ikawaka kama haijafanya kosa. Mimi nilitaka kubadilisha nusu ya saketi. Mzee akaomba chai, akakaa, akapiga soga, akangoja jioni ifike. Jioni ilipofika, mama mwenye nyumba akachomeka jiko la umeme kwenye soketi ileile ya kuunga iliyobeba TV, umeme ukapungua, na TV ikazima. Mzee akamalizia chai yake. Tukirudi nyumbani akaniambia TV haiugui peke yake, inaugua pamoja na nyumba yake.

Baadaye vikaja ving'amuzi, na antena za juu ya paa zikageuka miti ya kuanikia nguo. Kisha vikaja bapa, na vichogo vikaanza kuhamia vyumba vya nyuma, kisha stoo, kisha milimani kwa ndugu. Mzee Salehe alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Nikahamishia kazi Kihonda. Nilikuwa najua kuchomea risasi hata umeme ukikatika, kwa kupasha chuma kwenye mkaa, na nikaanza kuona kwamba vitu vyenyewe havitaki tena kuchomewa. Vinataka kusasishwa. Neno hilo mara ya kwanza nililichukia kweli.

Ndipo zikaja zile boksi. Ninyi mnaziona za kawaida, lakini ngoja niwaambie nilivyoziona mimi. Kisanduku cha kukaa kiganjani, chepesi kama sabuni iliyobaki. Unakichomeka kwenye TV ya kawaida, kinavuta intaneti, na TV iliyokuwa inajua kuonyesha tu inaanza kutafuta, kukumbuka na kupendekeza, inajiona janja. Mteja wa kwanza aliponiletea, nilikigeuza nikatafuta pa kufungulia. Hakina. Nikamwangalia yule kijana, nikaona anafikiri nimekijua, nikaacha afikiri.

Watu wa Morogoro hawakukiita jina lake la dukani. Walikiita king'amuzi cha bando. Waliniuliza kifurushi chake cha mwezi kinaitwaje, antena yake iko wapi, na je, mvua ikinyesha kinagoma? Nikawaambia hakina kifurushi, hakina antena, kinakula bando lako la intaneti. "Kinakula sana?" Kinakula kama mgeni wa harusi, nikawaambia, na hakisemi nimeshiba.

Hapo nikagundua kwamba maswali ya Mzee Salehe bado yana kazi. Kulikuwa na mhadhiri mmoja, mpole, mwenye TV bapa nzuri isiyo janja, aliyenunua boksi ili aangalie mpira na mkewe aangalie tamthilia. Boksi likawa linazima katikati ya filamu. Akaniletea bandani, likafanya kazi mchana kutwa. Akarudi nalo nyumbani, likazima. Akaniletea tena, likafanya kazi tena. Nikasema twende nyumbani. Niliingia sebuleni nikaona jibu kabla sijavua viatu: boksi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye pindo la waridi, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua ya plastiki.

"Mama," nikamwambia mke wake, "hiki kinapumulia mgongoni. Umekivika blanketi."

"Fundi, kila kitu humu ndani kina nguo yake," akanijibu. "Redio ina nguo, friji ina nguo, meza ina nguo. Chenyewe ndio kikae uchi mbele za wageni?"

Tukakubaliana kitambaa kikae chini yake. Boksi halikuzima tena, na mhadhiri alinisindikiza mpaka barabarani akicheka peke yake. Kwa hiyo, wanangu, mteja akisema linazima, msikimbilie kusasisha. Ulizeni limevaa nini.

Na angalieni tarehe. Umeme ukikatika, baadhi ya boksi husahau leo ni lini, zinaamka zikidhani ni mwaka ule zilipotengenezwa, na programu za video zinakataa kufunguka. Mteja atawaambia boksi limekufa. Halijakufa, limepotea njia tu. Pia msiliwashe kwa kuomba umeme wa TV kwenye ule mlango wa flashi. TV nyingi hazina huruma hiyo. Lipeni waya wake lenyewe, ukutani.

Sasa kazi ninayotaka muishike kuliko zote ni ile ya mlimani.

Kolumba alikuwa mkulima wa karoti na kabichi kutoka juu ya Mkuyuni, njia ya Matombo. Alikuwa akishuka na mboga, akimaliza sokoni anapita bandani kuchaji simu na kutuachia karoti. Siku ile hakuchaji simu. Alisalimia, akakaa, akavua kofia akaizungusha mikononi.

"Fundi, una kile king'amuzi cha bando kinachokubali kichogo?"

"Kichogo hakina mlango wa waya mpya," nikamwambia, "lakini kuna kibadilishi. Kinachukua picha ya boksi kinaishusha kwenye zile waya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kwa nini?"

Akanieleza. Dada yake, Leokadia, ni mtawa, yuko Ulaya, na Jumamosi atafunga nadhiri za daima. Misa itarushwa mtandaoni. Mama yao hajamwona tangu alipoondoka, na miguu yake haimruhusu tena kushuka mjini.

"Si mumwonyeshe kwenye simu?"

"Simu ni ya mtu mmoja, Fundi. Nyumba nzima itakuja, na kwaya. Halafu macho ya Mama hayapati kitu kidogo hivyo. Alinishika mkono akaniambia, Kolumba, nataka kumwona uso kabla sijafa, siyo doa."

Nilifunga banda siku moja kabla, nikatia boksi, kibadilishi na waya kwenye kikapu, nikapanda bodaboda mpaka barabara ilipokoma, kisha nikapanda kwa miguu nikimfuata Kolumba kati ya migomba, nikiwalaani kimoyomoyo watu wote wanaojenga juu. Uani tulimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, ameshika fimbo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Huyo alikuwa Mjomba Damasi, kaka yake mama wa Leokadia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Fundi wa kike."

"Tangu nizaliwe."

Akacheka mpaka akakohoa, akanisogezea kiti. Ndipo akanieleza yale ambayo Kolumba hakuyasema, na ninyi msio Waluguru mwelewe hapa. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayesema kwa niaba ya ukoo ni mjomba. Binti akiolewa, mjomba ndiye anayetamka kwamba ukoo umemtoa. Leokadia alikuwa anaolewa na Kanisa, moja kwa moja, na akawaomba wakubwa wake kwamba kabla hajatamka nadhiri, mjomba wake asikike. Wakakubali. Sista mmoja angepiga simu ya Kolumba katikati ya Misa, aisogeze kwenye kipaza sauti, na Mjomba angesema neno lake akiwa palepale, nyumba ya ukoo, mlango ukiwa wazi.

"Kolumba alitaka nirekodi nitume," Mzee akasema. "Nikamwambia ruhusa hairekodiwi. Anayeomba anasubiri, anayetoa anatoa. Ukirekodi umemwachia maneno kama ugali wa jana."

Kichogo chao kilikuwa kizima, kizito, cha rangi ya majivu, kimewekwa juu ya kabati fupi lenye vikombe vya wageni. Niliunga. Picha ikaja, lakini haina rangi. Mama Leokadia, aliyekuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha, akasikitika. "Mbona inaonyesha mambo ya zamani?" Kibadilishi kina swichi ndogo ubavuni, ndogo kama punje ya mchele. Ikikaa upande usio wa TV zetu, rangi zinapotea. Niliisukuma kwa kucha na rangi zikaingia, Mama akapiga vigelegele peke yake. Kisha nikajaribu video ya Misa niliyokuja nayo kwenye flashi, tukaona kichogo kinakata kingo za picha, mapadri wote hawana vichwa, nikaingia kwenye mipangilio nikaipunguza picha mpaka kila padri akarudishiwa chake.

Intaneti ndiyo iliyotutoa jasho. Mtandao uliokuwa unashika pale ulikuwa mmoja, na ulishika dirishani tu, juu. Tukatundika kikapu cha ukindu kwenye fremu ya dirisha, simu ya Kolumba ikakaa humo, ikawa inagawa bando lake kwa boksi. Ukipita mbele ya dirisha picha inatetemeka, kwa hiyo Mjomba akaweka fimbo chini kama mpaka, na hakuna aliyevuka.

Jumamosi mchana nyumba ilijaa. Wanakwaya walikaa ukutani, watoto chini, akina mama mlangoni. Misa ikaanza. Waliingia masista wengi weupe na weusi, na Kolumba akapaza sauti, "Yule! Wa tatu!" Mama Leokadia akainama mbele. Nilimwangalia yeye badala ya TV, na nawaambia ukweli, nilisahau kabisa kwamba nipo kazini.

"Kanenepa," akasema. "Mungu ni mwema. Wanampa chakula."

Padri alikuwa kwenye mahubiri, kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na wote wanasikiliza kwa heshima. Ghafla simu ikaita kikapuni. Kolumba akapokea, na palepale TV ikaganda. Padri akabaki mdomo wazi, duara likaanza kuzunguka katikati ya uso wake. Watu wakapiga kelele, bando limeisha! Halikuwa limeisha. Simu ile, kwa mtandao ule wa mlimani, haikuweza kubeba sauti na intaneti kwa pamoja. Ikipokea simu, intaneti inaachia. Mjini hamwezi kuliona jambo hilo.

Kolumba akashusha simu. "Ni sista. Anasema mahubiri yamekwisha, wakimaliza litania ya watakatifu wanapiga."

Picha ikarudi yenyewe. Padri alikuwa bado anahubiri.

Hapo nikaelewa mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, tunachokiona kimechelewa. Kanisani wako mbele yetu. La pili, simu ikipigwa ili Mjomba aseme, picha itakatika, na itakatika saa ileile Mama aliyoingojea. Mtaniuliza kwa nini hatukutafuta simu ya pili. Ilitafutwa. Zilikuwepo mbili zenye mtandao ule. Zote vitochi, visivyojua intaneti. Na namba waliyokuwa nayo masista ilikuwa ya Kolumba. Kuhamisha laini kungetaka tuzime simu, nao wangeweza kupiga dakika hiyohiyo.

Niliwaeleza wote, sikuficha. Kolumba akamgeukia mjomba wake.

"Mjomba, nisipokee? Mama amwone. Neno utamwambia jioni."

"Jioni atakuwa ameshaapa," Mzee akasema taratibu. "Nitakuwa namruhusu kufanya nini?"

"Lakini Mama..."

"Mama yako aseme mwenyewe."

Mama Leokadia alikuwa anatazama kioo. Mwanawe alikuwa amelala kifudifudi sakafuni pamoja na wenzake, kama ilivyo desturi litania ikiimbwa, uso hauonekani.

"Kaka asiposema," akasema, "nitakuwa nimeangalia harusi ya mtoto aliyetoroka. Pokea simu. Mimi nilimwona alipozaliwa."

Alivuta kanga akajifuta macho. Mimi moyo ulinipasuka, na moyo ukinipasuka huwa nafikiri vizuri. Nikamwambia, "Mama, ngoja. Hii picha imechelewa. Nikiisimamisha kabla simu haijapokelewa, inaweza kutusubiri hapohapo. Simu ikikatwa, tunaiachia iendelee kutoka ilipoishia." Akaniuliza, "Inaweza?" Nikamjibu, "Inaweza. Na inaweza pia kuturuka ikakimbilia mbele. Siwezi kukuahidi." Nimewaona mafundi wakiahidi. Msiahidi vitu vinavyotegemea mtandao wa dirishani.

Kwenye TV litania ilikuwa bado inaimbwa simu ilipoita. Nilibonyeza rimoti, masista wakasimama tuli sakafuni, kisha nikamwashiria Kolumba apokee. Duara likaanza kuzunguka. Mjomba Damasi akaenda dirishani, akavua kofia, akashika simu kwa mikono miwili. Alisema kwanza kwa Kiluguru maneno ya ukoo, ambayo siyaandiki kwa kuwa si yangu. Kisha akamalizia kwa Kiswahili, sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde:

"Leokadia, ni mimi mjomba wako Damasi. Ukoo umekutoa. Mama yako amekutoa. Nenda kwa amani. Na ukichoka huko, hapa ni kwako."

Wanakwaya wakaguna kidogo kwa hilo la mwisho, maana nadhiri za daima hazina kuchoka. Mzee hakuwajali. Alifumba mdomo, na kabla hajavuta pumzi Kolumba akachukua simu akakata, ili picha irudi haraka.

Mzee akabaki na mikono mitupu. "Umekata?"

"Mjomba, picha."

"Hakuitikia." Akavaa kofia, akarudi kwenye kiti chake, akakaa pole pole. "Nimesema yote yale. Hata shikamoo hakunipa."

Kwetu mtoto anaweza kukosa mengi akasamehewa, lakini mzee akisema naye na shikamoo isitoke, kuna kitu kimevunjika. Nilimwona Mzee anatazama ncha ya fimbo yake, na nikaona kwamba furaha yote ya siku ile imemtoka. Kolumba alikuwa anataka ardhi immeze.

Nilibonyeza rimoti. Duara likazunguka, likazunguka, likasita. Nilihesabu dhambi zangu zote. Kisha masista waliolala sakafuni wakaanza kuinuka mmoja mmoja, na kwaya ya kule ikaendelea na litania ilipoishia. Picha ilikuwa imetusubiri.

Leokadia akasimama mbele. Kamera ikamsogelea, na uso wake ukajaza kile kichogo chote, mashavu, macho, alama ndogo juu ya nyusi. Mama yake akajikokota mkekani mpaka karibu na kabati, akaweka kiganja kwenye kioo, nami sikumwambia asishike. Sista mmoja akasogeza simu kwenye kipaza sauti. Na kutoka kwenye TV, ikikwaruza, ikavuma mle ndani sauti ya Mjomba Damasi.

Mzee akainua kichwa. Alijisikia mwenyewe akisema maneno ya ukoo, ndani ya kanisa ambalo hatalikanyaga, na watu wa kule wamesimama kimya wanamsikiliza. Leokadia alisikiliza ameinamisha kichwa. Iliposema ukichoka huko, hapa ni kwako, alicheka, machozi yakamtiririka juu ya kicheko, na Mama akacheka naye, kiganja bado kiko kwenye shavu la mwanawe kiooni.

Kisha simu ikakata kule, tukaisikia ilivyolia. Leokadia hakujua kama imekatika, au alijua na hakujali. Akapiga goti moja mbele ya askofu na kanisa zima, mbele ya kile kisimu mkononi mwa mwenzake.

"Shikamoo, Mjomba," akasema.

Mjomba Damasi akasimama. Alisimama wima, bila fimbo, akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu!" akaijibu TV. "Marahaba!"

Mama Leokadia akamgeukia, uso umelowa wote. "Kaka, hakusikii. Fundi kasema hiyo imeshapita."

"Najua," Mzee akasema, macho hayaondoki kwenye kioo. "Lakini amenisalimia."